Nyanya Aliniona Nikiingia Msikitini

Mizimu ya Waingereza haitaki kitu. Nimelisema hilo mbele ya mtu aliyenifundisha habari za mizimu hiyo, akaninunia mpaka jioni, na bado sijabadilisha neno. Mzimu wa kwetu ukikutokea una shida yake. Mmewasahau wazee, mmeuza shamba la ukoo, mmemnyima mtoto jina la marehemu. Utaambiwa, mtatimiza, na mambo yataisha. Wa kwao unapita tu. Mwaka nenda mwaka rudi unashuka njia ile ile, unavuka daraja lile lile, unapotelea kwenye ua ule ule wa miiba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusimamisha akauuliza, "Wee, unatafuta nini hapa?"

Aliyenifundisha ni mama mzazi wa madam wangu, hapa Riyadh. Nilimwita nyanya tangu siku ya kwanza, maana mimi siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kama rafiki yangu wa shule, na yeye akalipenda. Baba, yaani mwajiri wangu, ni Msaudi mwenye ofisi Olaya. Alisoma Uingereza, akaoa huko, akarudi na madam, ambaye siku hizi anaswali swala zake zote na kufundisha shule ya wasichana. Mimi ni Mkenya, Mtaita wa milimani, Mkristo. Nililetwa kupika na kufua. Nyanya alipofiwa na mumewe na magoti yakamkataa, madam alimleta akae nasi, na kuanzia hapo kazi yangu kubwa ikawa yeye.

Kwao ni mashariki ya Uingereza, nchi bapa yenye mifereji na vinamasi. Kila asubuhi madam akishatoka, nyanya alikuwa akikaa jikoni, goti bovu juu ya kigoda cha plastiki, akinikatia ncha za bamia ambazo yeye mwenyewe hakuzila hata kwa fimbo. Mikono ikishapata kazi, mdomo nao ulifunguka.

"Kuna mbwa mweusi," akaniambia siku moja, "mkubwa kama ndama, macho mekundu, makubwa kama visahani. Ukitembea peke yako kwenye njia ya mashamba, anatembea kando yako bila sauti. Ukimtazama, mtu wa nyumba yako atakufa. Usipomtazama, anakusindikiza hadi langoni kwako."

"Sasa si mbwa mzuri huyo?"

"Mzuri, ila usimtazame."

"Na kama hamna ruhusa ya kumtazama, nani aliyewaambia ni mweusi?"

Akaacha kisu, akanitazama juu ya miwani. "Mtoto, wewe ungeishi siku moja tu kijijini kwetu," akasema, na akacheka mpaka bamia zikamwagika sakafuni.

Alikuwa nazo nyingi. Vitaa vidogo vinavyoelea juu ya kinamasi na kumpoteza mlevi anayerudi nyumbani. Bibi mwenye nguo nyeupe kando ya kisima. Gari la farasi linalopita bila kelele, na dereva wake hana kichwa. Hapo nilishindwa kunyamaza. "Anaonaje njia?" "Farasi wanaijua." "Farasi nao wana vichwa?" "Wengine," akasema, bila hata kutabasamu.

Mimi nami nilimpa zangu. Kwetu kuna mapango ambamo watu wa zamani waliweka mafuvu ya wakubwa wa ukoo, yamepangwa kwenye mwamba, yanatazama nje. Akataka kujua kama hutembea usiku. Nikamwambia hayaendi popote, yana adabu. Akaipenda sana hiyo. Alimsimulia madam, na madam akamsimulia baba, na baba akanijia jikoni kuniomba kwa upole nisimtie mama yake mkwe mambo kichwani.

Baba hakuzipenda kabisa hadithi hizi, na si kwa kuwa hakuziamini. Aliziamini kuliko sisi wawili tukiwekwa pamoja. Yeye alikuwa anaijua nyumba moja, njia ya kwenda shamba la marehemu babake, ambayo haijapata mpangaji tangu azaliwe kwa sababu ya majini, wenyewe waliomo ndani, na akipita hapo husoma dua na kupandisha vioo vya gari. Ramadhani ilipoingia, mwaka ule ikiwa imeangukia mwezi wa nne, alifurahi kama aliyepata msaada wa serikali.

"Mama," akamwambia nyanya mezani, "mwezi huu mashetani wote wamefungwa minyororo. Hadithi zako halas, mpaka Idi."

"Wa kwenu ndio wamefungwa," nyanya akajibu. "Wa kwetu hawajapata habari."

Madam alicheka hadi akalazimika kushika meza. Baba naye akacheka, baadaye kidogo.

Mimi wakati huo sikuwa na raha, na sababu yake ilikuwa nyumbani. Mama yangu alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alitia chumvi kwenye chai, watu wakacheka. Halafu akaanza kumwita kaka yangu kwa jina la baba yetu aliyekwisha kufa. Halafu siku moja kaka alimshikia simu ili tuonane, mama akanitazama vizuri, akamgeukia na kumuuliza, "Huyu mama wa kwenye simu ni wa wapi?" Baada ya muda akanitambua, akaniuliza kama nimekula. Lakini lile swali lilikuwa limeshaingia na halikutoka.

Jioni ile kaka alinipigia tena, peke yake. "Dada," akasema, "kama unakuja, njoo sasa hivi. Ukichelewa utamkuta, lakini yeye hatakukuta."

Likizo ilikuwa haki yangu. Mkataba ulikuwa umeisha, nikaongeza, na nyongeza nayo ilikuwa inakaribia kuisha. Lakini huku mfanyakazi wa nyumbani hatoki nchini mpaka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, atoe ruhusa ya kutoka na kurudi. Siku hizi ni kubonyeza simu tu, jambo la kumaliza kabla kahawa haijapoa. Kila nikimwendea baba alisema inshallah. Inshallah baada ya mitihani ya shule. Inshallah baada ya Ramadhani. Nikaanza kusikia inshallah baada ya Hija. Hakuwa mtu mbaya. Mshahara wangu hakuugusa hata siku moja, na nikiumwa alinipeleka hospitali mwenyewe. Ila msichana aliyenitangulia alikwenda likizo akaenda moja kwa moja, na madam alikuwa na hofu ni nani atakayemwinua mama yake kitandani. Ningependa angesema hapana, nimchukie, nipumue. Basi nikawa napigiza sufuria. Jikoni mwangu wiki zile mtu angedhani kuna mafundi wa bati.

Nyanya alijua yote. Nilimwambia mwenyewe, nikilia. Alinipapasa mgongoni, akasema maskini, maskini, lakini alikuwa anaishi kwenye nyumba ya mkwewe na hakupenda kuingilia mambo yake. Sikumlaumu.

Siku moja mchana, kumi la mwisho la Ramadhani, tulikuwa tunakunja sambusa. Ndipo akanisimulia habari ya mlango wa kanisa.

Kijijini kwao, akasema, kuna usiku mmoja wa mwezi wa nne, mkesha wa sikukuu ya mtakatifu fulani. Mtu mwenye moyo mgumu akienda kukaa kibarazani mwa kanisa usiku huo, atawaona watu wa kijiji wakija mmoja mmoja, bila kusema, na kuingia ndani. Si wao wenyewe. Wenyewe wako vitandani wamelala. Ni vivuli vyao. Anayeingia kisha akatoka ataugua mwaka ule na kupona. Anayeingia asitoke, basi.

Mjomba wa bibi yake alikuwa mchimba makaburi wa kanisa hilo, na alikesha kila mwaka, ajue tu kazi aliyonayo mbele. Watu walimwogopa kuliko kasisi. Akikutazama kwa huruma sokoni, unarudi nyumbani kugawa mali. Lakini mkeshaji naye ana sharti lake: asisinzie. Akisinzia, mwaka ule wa kwenda ni yeye. Na mjomba, kwa uzee, mwaka mmoja akasinzia. Watu walimkuta asubuhi ameegemea nguzo. Alikwenda akachagua mahali, akachimba lake mwenyewe, na kabla ya mavuno alikuwa ndani.

"Alilichimba vizuri?" nikauliza.

"Vizuri mno. Upande wenye jua."

Nikamuuliza kama yeye amewahi kukesha. Akabana ukingo wa sambusa kwa uangalifu, akaiweka na wenzake. "Sikuthubutu," akasema. "Mume wangu alikuwa hai. Ningemwona akija, ningefanya nini?" Kisha akasema tena, kama anajisemea, "Sasa sina wa kuogopa kumwona."

Jioni akaniomba nimsogezee kiti chake kwenye dirisha la chumba chake, ghorofa ya juu, na nimwachie chupa ya chai. Dirisha lile linatazama mtaani, na ng'ambo ya mtaa ni msikiti, upande wa mlango wa wanawake. Nikadhani anataka kuchangamka. Siku za kumi la mwisho mtaa mzima unakuwa macho, watoto wanacheza mpira, wanawake wanakwenda kusali na mikeka yao. Nilimwekea mto mgongoni nikashuka zangu.

Usiku ule madam alinipigia akiwa msikitini. Maji ya kunywa yamewaishia wanawake, nilete katoni moja niiweke ndani kando ya jokofu. Buibui langu nilikuwa nimelifua, linachuruzika maji kwenye kamba. Pembeni yake ilikuwa shuka ya kusalia ya madam, nyeupe, ndefu, ya kujifunika kichwani mpaka miguuni, imeshakauka. Nikajitupia hiyo. Nikaikumbatia katoni ndani ya shuka, nikatoka kwa mlango mdogo wa ukutani, nikavuka, nikavua ndala, nikaweka maji, nikarudi. Nilikuwa nimeacha sinia la vyombo. Sikuliona kuwa ni jambo la kumsimulia mtu.

Alfajiri nilipompelekea nyanya chai nilimkuta pale pale kitini, kidevu kifuani, akikoroma. Nilimwamsha taratibu, nikamlaza kitandani.

Kuanzia siku hiyo akabadilika. Nikipanda ngazi kufuta vumbi, ananishusha. Nikimpa chakula, nyama nzuri anairudisha kwenye sahani yangu. Alikuwa ananishika kifundo cha mkono anasikiliza mapigo ya moyo, kisha ananitazama usoni kwa namna iliyonifanya niende kwenye kioo kuangalia kuna nini. Yeye mwenyewe akawa anachezea tu chakula. Akamsumbua madam mpaka nikapelekwa kupimwa damu. Daktari akasema damu yangu inatosha watu wawili. Nilipomletea nyanya habari hiyo hakufurahi hata kidogo. Alitikisa kichwa na kusema madaktari hawajui kila kitu.

"Nyanya, kwani nina nini?" nikamuuliza, nimeanza kukasirika.

"Huna kitu, mtoto wangu. Kaa chini upumzike."

Nikadhani ni joto. Riyadh joto likianza huwatia watu wazima kiwewe.

Halafu jioni moja, siku za mwisho kabisa za mwezi, nilikuwa nawapakulia supu ya futari. Nyanya akaweka kijiko chini.

"Huyu binti aende akamwone mama yake," akamwambia baba. "Si baada ya Hija. Sasa."

"Inshallah, mama," baba akasema.

"Nimekaa hapa muda wa kutosha kujua maana ya neno hilo. Leo nataka lile lingine."

Mimi na upawa wangu tukasimama. Madam akasema, "Mama!" Nyanya hakumsikiliza. Alisema ataoga mwenyewe. Alisema akishindwa kuinuka atalala, na akishindwa kutembea atatambaa, kuna watu wengi duniani waliotambaa. Alisema kila mtu ana haki ya kumwona mama yake kabla, na pale kwenye "kabla" sauti ikamkatika, akaanza kulia. Hakufunika uso. Machozi yalimtiririka tu huku mikono iko mezani. Huyu mama, siku aliyomzika mumewe, madam anasema hakutoa chozi mbele ya watu. Baba alimtazama, akamtazama mkewe, akatoa simu. Nikamwona akibonyeza. Baada ya muda mfupi simu yangu ikatetema mfukoni mwa aproni.

"Imetoka," baba akasema. "Mama, tafadhali, kula."

Nilikimbilia jikoni nikafungua bomba nisisikike. Nililia kwa furaha, haki ya Mungu, kamasi na yote.

Idi familia hiyo huwa wanakwenda Jeddah, wana nyumba ya ghorofa huko karibu na bahari, na ndege yangu ikapangwa kuondokea huko huko. Siku moja kabla ya safari, dereva alinipeleka Al-Hindawiyah ninunue zawadi, maana ni mitaa ya zamani yenye maduka madogo na watu wa kila nchi, na hapo ndipo sisi wafanyakazi tunaponunua. Nyanya akasema anakuja. Madam alimsihi, joto, magoti, vichochoro. Wapi! Akaja na fimbo yake.

Tulinunua shali ya mama, nzito, kwa ajili ya baridi ya milimani. Nyanya ndiye aliyeichagua, akaikunja mwenyewe na kuishika mapajani. Halafu tukaingia kwa mama mmoja wa Kikenya anayepika mandazi na chai ya maziwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Niliongea bila kuvuta pumzi, nitafanya hivi, nitampikia mama kimanga cha mihogo na maharagwe, nitarudi baada ya miezi miwili. Hapo nyanya akanishika mkono.

"Hutarudi," akasema. "Sitakuona tena."

"Aka! Nyanya, nimekuahidi. Mimi si kama yule wa kwanza."

"Sisemi utakimbia." Macho yalikuwa yameshajaa. "Ule usiku nilikesha dirishani. Hakuna kanisa, nikasema nyumba ya sala ni nyumba ya sala. Watu wengi walipita, wazima, na viatu vyao na simu zao, hao sikuwahesabu. Kisha nikakuona wewe. Ulitokea ukutani. Umevaa nyeupe kichwani mpaka chini. Umepita katikati ya watu na hakuna aliyekuangalia. Wewe ni Mkristo, mtoto wangu, mwili wako ungefuata nini msikitini? Ukaingia. Nikangoja. Hukutoka."

Niliona mama yangu akiletewa maiti badala ya mtu. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyecheka habari za dereva asiye na kichwa. Kisha lile neno nyeupe likanirudia, na kamba ya nguo, na katoni ya maji, nikacheka kwa sauti mpaka mama wa mandazi akageuka.

Kicheko hakikufika mbali. Nikakumbuka kwamba ruhusa inayotolewa kwa kubonyeza hufutwa kwa kubonyeza. Nyanya alimlilia mkwewe kwa ajili ya mtu anayekufa. Nikimwambia mtu huyo hafi, alikwenda tu kupeleka maji, kesho nitakuwa na sababu gani ya kupanda ndege? Nilikoroga chai yangu iliyokwisha kukorogwa. Mama yangu alikuwa upande ule, na ndege ilikuwa kesho.

Lakini nyanya alikuwa amekaa mbele yangu, shali ya mama yangu mapajani, ananilia msiba. Alikuwa amenilia wiki nzima kimya kimya huku akinirudishia nyama. Nisingeweza kumwacha arudi Riyadh akanizike peke yake dirishani.

"Nyanya, ile ilikuwa shuka ya madam," nikasema. Nikamweleza yote, buibui lililolowa, maji, jokofu, mlango mdogo wa ukutani ulio chini ya dirisha lake, ndiyo maana akaona nimechomoza ukutani. Alisikiliza bila kupepesa.

"Na ulitoka?"

"Palepale. Nilikuwa na vyombo."

"Sikukuona ukitoka."

"Ulikuwa umelala."

"Sikulala," akasema haraka.

"Nyanya, nilikukuta mwenyewe asubuhi. Ulikuwa unakoroma."

Nikasikia nilichosema. Mchimba makaburi akanijia na nguzo yake. Ningekuwa na uwezo ningeyaokota maneno yale moja moja na kuyameza. Nyanya aliiweka bilauri ya chai chini, akatazama kichochoroni, ambako watoto wawili walikuwa wanavutana kwa ajili ya baiskeli. Mimi nikaanza kubabaika, ni hadithi tu nyanya, hata kanisa lenyewe halikuwapo, usiweke moyoni.

"Basi ni mimi," akasema.

"Si wewe!"

"Ni mimi." Akavuta pumzi, mabega yakashuka, uso wake ukafunguka kabisa. "Afadhali. Ah, mtoto wangu, afadhali sana."

Akachukua andazi, akalichovya kwenye chai, akalila lote, akaomba la pili. Akaniambia nisimwambie mkwewe wala binti yake neno lolote mpaka ndege ipae. Yeye mwenyewe ataangalia namna ya kuwaeleza, au asiwaeleze. Sijawahi kupendwa vile na mtu asiye wa damu yangu. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari.

Nitawaambia hapa hapa, msije mkahangaika kama nilivyohangaika mimi. Mwaka uliisha na nyanya hakufa. Nilirudi nikamkuta, na yuko jikoni hadi leo ninapoandika, anakata bamia. Ukimuuliza anakwambia kwamba msikiti ule haukuwa katika mtaa wa kanisa lake, kwa hiyo haukuhesabiwa, na usimbishie.

Nyumbani nilifika asubuhi. Kaka alikuwa amemwambia mama tangu jana kwamba nakuja, na tangu jana alikuwa amesahau. Alikuwa uani juu ya kigoda, anachagua maharagwe kwenye ungo. Amekonda. Nilisimama pale langoni na mizigo yangu, nikaogopa kusogea. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mimi ni wa wapi.

Mama akainua uso, akanitazama, na akaniita. Aliniita kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua isipokuwa yeye. Nikatupa mizigo.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, mama."

Akamgeukia kaka, uso umejaa lawama. "Mbona hamkuniambia kwamba alikufa?"

Kaka akaanza kumpigia kelele kama watu wanavyowapigia wazee, mama, huyu ni mzima, ametoka Uarabuni. Mimi nikapiga magoti mbele yake. "Mama, niko hai. Nishike."

"Wote husema hivyo," mama akaniambia, kwa upole, kama mtu asiyetaka kunitia aibu.

Mimi ni mbishi, mmeshaona. Pale sikuwa na ubishi wowote. Nilimwashiria kaka anyamaze. Amenijua. Amelitaja jina langu. Nilichokifuata nimekipata, na kama alinipokea akidhani nimekufa, basi alinipokea. Nikakaa chini kando ya kigoda chake. Akaacha maharagwe, akanichukua mikono, akaigeuza viganja juu na kuipapasa, sabuni na dawa za kusafishia zimeichubua.

"Huko uliko wanakulisha?"

"Wananilisha, mama."

"Na hii mikono? Wanakufanyisha kazi?"

"Kidogo."

"Hata huko?" akasema, na akakasirika kweli, hasira ile ninayoijua kwa kuwa ndiyo aliyonizaa nayo. "Leo hufanyi. Waambie mama yako amekataa. Kaa hapa."

Nikakaa.